Mama auze nyumba ya wapangaji nikasome Ujerumani?

Shikamoo Anti,

Nina miaka 26, naishi na mama Kihonda, Morogoro. Nilimaliza shahada ya uhandisi wa maji mwaka 2023, nikakaa mtaani karibu mwaka mzima, kisha Julai 2024 nikapata mkataba kwenye mamlaka ya maji. Kazi yangu ni kufuatilia maji yanayopotea: mabomba yaliyopasuka, mita zilizokufa, na watu waliojiunganishia usiku. Naipenda, ila kila siku naona vitu ambavyo elimu niliyonayo haivifikii.

Mwaka jana niliomba kusoma shahada ya uzamili Ujerumani, chuo kimoja cha Stuttgart, kozi ya usimamizi wa rasilimali za maji, inafundishwa kwa Kiingereza. Mwezi wa tatu barua ya udahili ikaja. Mama alipiga vigelegele hadi wapangaji wakatoka nje wakidhani kuna mtu kajifungua. Jumapili yake akatangaza jumuiya, na akina mama wakanichangia laki sita na elfu arobaini. Siku hizi hata kondakta wa daladala yetu ananiita Mjerumani.

Shida ni hela. Ubalozi unataka niwe na akaunti maalumu yenye euro 11,904 kabla ya kupata viza. Mimi nina milioni tatu na laki mbili, basi.

Marehemu baba alituachia nyumba ya wapangaji, vyumba sita, kila kimoja elfu arobaini kwa mwezi. Hati bado ina jina lake. Kodi hiyo ndiyo inayomlisha mama na kumsomesha mdogo wangu aliye kidato cha tatu. Baba mdogo amepata mnunuzi wa milioni 38 na anataka tumalize mwezi huu. Anasema elimu ya Ujerumani ni bure, hela ya akaunti ni ya kuonyesha tu, nikifika nitafanya kazi na baada ya mwaka nitamjengea mama nyumba mbili.

Mama anasema, "Uza mwanangu, nyumba haizai." Lakini juzi niliamka usiku kwenda msalani nikamkuta sebuleni na daftari la kodi. Daftari lenyewe jalada limechanika, amelishona kwa uzi mweusi. Alikuwa anapitisha kidole jina moja baada ya jingine, akasimama kwa yule wa chumba namba nne anayedaiwa miezi mitatu, akaanza upya juu. Hakuniona. Nilirudi kulala bila kwenda msalani.

Kuna njia mbili nyingine. Wakala wa Dar, niliyemlipa laki nane anijazie maombi, anasema atanikopesha hela yote ya akaunti nikishampa milioni nne na nywila ya akaunti hiyo; nikipata viza anaichukua hela yake. Pia nina binamu yangu Kassel, huko huko Ujerumani, anaweza kunisainia karatasi ya kunidhamini, ila mke wake hajakubali.

Miadi yangu ya ubalozini ni mwezi wa sita, masomo yanaanza Oktoba. Nikikataa nitaonekana nimechezea bahati. Nikikubali, lile daftari silitoi kichwani. Nifanye nini Anti?

Binti wa Kihonda

*

Marahaba mwanangu. Hongera sana, na hilo la bahati liache. Uliomba, wakakupima, wakakukubali.

Jibu nalitanguliza ili usisome ukiwa na presha. Nyumba isiuzwe. Wakala umwachie hapohapo alipo. Na safari ya Oktoba hii uiahirishe. Najua hilo la tatu ndilo linalouma, kwa hiyo nivumilie nieleze.

Baba mdogo amepatia nusu kuhusu hiyo akaunti. Wajerumani wanaiita Sperrkonto. Ni kweli hela yake si ada, wala si malipo ya viza; inabaki kuwa yako, na viza ikikataliwa unapeleka barua ya kukataliwa unarudishiwa, wakikata gharama zao tu. Alipokosea ni pale aliposema ni ya kuonyesha. Hela ya kuonyesha huonyeshwa ikarudi ilikotoka. Hii utaila. Zile euro 11,904 ni euro 992 mara miezi 12, na ukishafika ukajiandikisha mjini na kufungua akaunti ya kawaida, zinatoka 992 kila mwezi. Ukitaka elfu moja, hupati. Ni chakula chako cha mwaka mzima kimefungiwa kabatini, na kabati linafunguliwa mara moja kwa mwezi.

Sasa mweke wakala mbele ya kabati hilo. Hela ni yake, na wewe huna nyingine. Akiichukua, utakula nini Novemba? Ndiyo maana anataka nywila: ama aikombe kila mwezi inapotoka, uwe umefika ugenini na deni bila mlo, ama afanye janja ya karatasi ambayo mwenye jina lake juu yake ni wewe, si yeye. Ubalozi ukigundua nyaraka za uongo, viza inakataliwa na rekodi inabaki. Halafu zile laki nane ulizokwishampa, mwanangu! Maombi ya vyuo vingi vya Ujerumani hupitia uni-assist, ofisi inayopokea maombi kwa niaba ya vyuo, ambako chuo cha kwanza ni euro 75 na kila kinachoongezeka ni 30, na vingine huomba moja kwa moja kwenye tovuti yao. Fomu hizo mtu aliyeandika ripoti ya mita zilizokufa anazijaza jioni moja.

Tuje kwenye "bure". Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada kweli, ila wewe umesema Stuttgart. Stuttgart ni makao makuu ya jimbo la Baden-Württemberg, na jimbo hilo tangu muhula wa baridi wa 2017 linawatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula. Fungua barua yako ya udahili, usome hadi ukurasa wa mwisho, utaikuta. Mihula minne ni euro 6,000. Sheria ya jimbo inaruhusu vyuo kuwasamehe baadhi ya wanafunzi wa nchi kama zetu, kwa hiyo kuuliza ni haki yako, lakini usipange safari juu ya msamaha ambao hujapewa.

Basi tupige hesabu ambayo mnunuzi wa nyumba hajawapigia. Tukikadiria euro moja kwa shilingi 2,900, Sperrkonto ni milioni 34 na nusu. Ada ya mwaka wa kwanza ni milioni 8.7. Hapo tu milioni 38 zimeisha na umeshaanza kudaiwa, kabla ya tiketi ya ndege, kabla ya koti. Kozi yako ni miaka miwili, na ukienda kuongeza kibali cha kuishi kwa mwaka wa pili, ofisi ya wageni itakuuliza tena utakula nini. Nyumba itakuwa imekwisha mwaka wa kwanza, na ya pili hamna.

"Nitafanya kazi." Utafanya, ndiyo. Mwanafunzi wa nje anaruhusiwa siku 140 nzima kwa mwaka au nusu siku 280, na kima cha chini tangu Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa. Kwenye karatasi hesabu inapendeza. Binti wa dada yangu yupo Dortmund tangu 2022, alinitumia picha ya daftari lake (na yeye ana daftari, sijui ni ukoo). Mwezi mmoja wa kawaida: chumba cha hosteli 390, bima ya afya karibu 150, simu 10, chakula 210, na 18.36 ya redio na televisheni, ambavyo hana hata kimoja, lakini kila nyumba inalipa. Katika zile 992 anabaki na kama 213, na humo humo atoe mchango wa muhula, viatu vya theluji na dawa ya kikohozi. Alipoanza kazi ya ghala, alikuwa anapanga vifurushi usiku na kusinzia maabara mchana. Muhula ule alifeli mitihani miwili. Siku hizi yuko sawa, amepata kazi ya usaidizi hapo hapo chuoni. Lakini ilimchukua mwaka na nusu kufika hapo, na Dortmund kodi zake ni nafuu kuliko Stuttgart. Hizo nyumba mbili za mama ajenge nani, kwa hela gani?

Mimi mwenyewe nilikwenda Leipzig mwaka 1986, enzi za Ujerumani Mashariki, kwa udhamini wa serikali. Mwaka mzima wa kwanza tulikaa Herder-Institut tukisoma Kijerumani tu, mpaka mtu anaota kwa Kijerumani na kuamka kwa Kiswahili. Sikulipa hata senti, na koti langu la kwanza nililinunua kwa posho. Kwa hiyo najua mimi si mfano wa kukupimia, nchi ile haipo tena na utaratibu ule haupo tena. Nimeitaja kwa sababu ya lugha. Kozi yako ni ya Kiingereza, lakini daktari, mwenye nyumba na msimamizi wa zamu hawakusajiliwa kwenye kozi yako. Mwaka huu wa kusubiri uutumie: Goethe-Institut ya Dar ina madarasa, na kama nauli ni tatizo, anza na simu yako jioni. Ukifika na Kijerumani cha kuombea kazi, hutapanga vifurushi usiku.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonifanya nikuandikie kwa urefu. Umesema mkataba wako ulianza Julai 2024. DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, lina mpango uitwao EPOS kwa ajili ya wataalamu wa nchi zinazoendelea, na kozi za maji zimo, hata Stuttgart imo. Masharti yao makubwa ni mawili: shahada ya kwanza isizidi miaka sita, na uwe na angalau miaka miwili ya kazi ya fani yako. Shahada yako ni ya 2023. Miaka yako miwili ya kazi inatimia Julai hii. Yaani ulipoomba mwaka jana ulikuwa huna sifa, na miezi miwili ijayo utakuwa nazo, wakati ule ule ambao wewe unapanga kuacha kazi na mama kuuza nyumba.

Mpango huo unalipa posho ya kila mwezi ya karibu zile 992 zinazotoka Sperrkonto, bima ya afya na nauli, na barua ya ufadhili ndiyo unayopeleka ubalozini badala ya akaunti. Maombi yake hupelekwa kwenye kozi yenyewe, na nyingi hufunga karibu mwaka mzima kabla ya masomo, kati ya Agosti na Oktoba. Leo hii mwandikie mratibu wa kozi, usipitie kwa wakala. Mwambie umedahiliwa, huna uwezo wa kujilipia, utatimiza miaka miwili ya kazi Julai, na unataka kuomba EPOS kwa mwaka unaofuata. Muulize tarehe ya mwisho, na ada inakuwaje kwa wanaofadhiliwa. Muulize pia kama udahili wako unaweza kusogezwa. Vyuo vingi vya kule haviweki nafasi, utaomba upya, lakini si vibaya kuuliza. Kisha mfuate mkuu wako kazini akuandikie barua inayotaja kazi zako kwa namba. Usikubali "ni mfanyakazi hodari". Aandike ulifuatilia mita ngapi, na kata ipi ilipunguza upotevu.

Ufadhili si ahadi, wanaomba wengi. Ndiyo maana usiombe mmoja. Umoja wa Afrika una Pan African University, na taasisi yake ya maji na nishati iko Tlemcen, Algeria. Shahada ya uzamili, ufadhili kamili, na Wajerumani ni washirika wao. Najua Tlemcen haitapigiwa vigelegele kama Stuttgart. Lakini mhandisi anayetoka pale anafundishwa maji ya nchi kame, na sisi tuna Dodoma. Vyuo vya Ujerumani vya majimbo yasiyotoza ada navyo uvitazame, usiolewe na Stuttgart.

Binamu wa Kassel mshukuru, umwambie asisaini. Karatasi ile ya udhamini inasainiwa ofisi ya wageni huku wakikagua mishahara yake, na inaweza kumbana hadi miaka mitano: ukikwama ukasaidiwa na serikali, bili inakwenda kwake. Mke wake anajua anachokikataa. Ndoa ya watu usiiwekee rehani.

Kuhusu nyumba yenyewe. Umeandika kwa kupita tu kwamba hati ina jina la marehemu, mimi hapo nilisimama. Kama mirathi haijafunguliwa, nyumba hiyo hakuna mwenye mamlaka ya kuiuza, si mama, si baba mdogo. Mahakama lazima imteue msimamizi wa mirathi kwanza, na mdogo wako wa kidato cha tatu ana haki yake humo hata kama hakuna aliyemuuliza. Mnunuzi anayetaka mmalize mwezi huu wakati hati iko hivyo, ama hajui sheria ama anaijua sana. Simshtaki baba mdogo, huenda kweli anataka ukasome. Ila mwambie kwa adabu, mbele ya mama, kwamba mtafungua mirathi kwanza, kisha mtazungumza. Utamjua kwa jibu lake. Na mirathi mfungue hata kama hakuna anayeuza; anzeni kwa kuuliza mahakama ya mwanzo ya hapo kwenu, mkiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo.

Vyumba sita kwa elfu arobaini ni laki mbili na arobaini kwa mwezi, milioni 2.88 kwa mwaka. Ndogo, ukiipima na euro. Lakini inaingia kila mwezi bila viza, na mama yako anajua jina la kila anayeileta.

Jumuiya ndiyo inayokutisha, naona. Zile laki sita na arobaini ziweke kando, usizile. Jumapili simama mwenyewe, usimtume mama, uwaambie safari imesogea kwa sababu unatafuta ufadhili, na hela yao ipo kama ilivyo, atakayetaka yake arudishiwe. Watanong'ona wiki mbili. Kondakta ataendelea kukuita Mjerumani, mwache.

Kabla ya hayo yote, kaa na mama. Usimwambie ulimwona usiku ule. Chagua asubuhi, chai ikiwa mezani, umwombe daftari mlipitie pamoja kwa sababu unataka kujifunza hesabu za nyumba. Akikuonyesha majina, utamsikia sauti yake inavyobadilika, na hapo mwambie hutaki iuzwe. Mwachie nafasi abishe kidogo. Mama wa Kitanzania haachi kujitoa kwa mara ya kwanza. Akibisha mara ya pili, mwonyeshe tarehe ya Julai.

Na yule wa chumba namba nne, miezi mitatu ni mingi. Mfuateni wiki hii.

Anti